SAA YA RUBANI NA SAA YA KISWAHILI

Kuna pendekezo ambalo limekuwa likizunguka kwa muda sasa miongoni mwetu sisi tunaofundisha Kiswahili nje ya Tanzania na Kenya, na hivi karibuni limeanza kuonekana hata katika madaftari ya wanafunzi. Pendekezo lenyewe ni kwamba tuache kufundisha hesabu ya saa ya Kiswahili, ile inayohesabu saa moja baada ya mapambazuko na saa moja nyingine baada ya machweo, na badala yake tuwafundishe wanafunzi kusoma tarakimu kama wanavyoziona. Saa ikionyesha 7:00, mwanafunzi aseme "saa saba". Ikionyesha 2:00, aseme "saa mbili". Na somo liishie hapo.

Wanaotoa rai hiyo si watu wa kubezwa. Baadhi yao ni walimu hodari, na sababu wanazozitoa zinastahili kusikilizwa. Hata hivyo naona wamepotoka, tena katika jambo ambalo tukiliachia halitarudi. Nakusudia kuonyesha walipopotokea, na shahidi wangu sitamtafuta miongoni mwa washairi wala wazee wa mwambao, kwa maana ushahidi wa hao utakataliwa mara moja kwa kuambiwa kuwa ni wa kale. Kwa kuwa wenzetu husema kwamba wanataka usasa, nami nitamleta shahidi wa kisasa kabisa: saa iliyo katika chumba cha rubani wa ndege.

Madai ya wenzetu

Madai yao ni matatu. La kwanza ni kwamba hesabu ya Kiswahili inawachanganya wanafunzi. Mtoto wa Kampala au wa Kigali anayesoma masomo mengine yote kwa Kiingereza au Kifaransa anaiona 7:00 ubaoni, kisha anatakiwa aseme "saa moja". La pili ni kwamba hesabu hiyo si ya kimataifa: ulimwengu mzima, wanasema, unakwenda kwa saa moja, nasi tunajitenga. La tatu ni kwamba simu za mikononi na kompyuta zimekwisha kuamua jambo hili kwa niaba yetu, na kwamba mwalimu anayeshindana na mashine anajichosha bure.

Nayakubali mawili kwa sehemu. Kuchanganyikiwa kupo, na mwalimu asemaye hakupo hajawahi kusahihisha mtihani. Simu pia zipo, na huandika 7:00. Lakini kutokana na hayo mawili haifuati kwamba dawa ni kuifuta hesabu moja. Ama dai la pili, kwamba ulimwengu mzima unakwenda kwa saa ambayo sisi tumeiacha, hilo si kweli hata kidogo, na hapo ndipo shahidi wangu atakapotufaa.

Saa ya rubani inavyofanya kazi

Rubani anayeruka kutoka Entebbe hadi Kinshasa huvuka mipaka ya wakati. Kampala na Entebbe ziko mbele ya wakati wa dunia, ambao kwa kifupi huitwa UTC, kwa saa tatu. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko mbele kwa saa mbili. Kinshasa iko mbele kwa saa moja. Juba ilikuwa mbele kwa saa tatu hadi mwisho wa Januari 2021, kisha serikali ikaamua, na tangu tarehe 1 Februari mwaka huo iko mbele kwa saa mbili.

Sasa fikiri ndege inayoondoka Entebbe saa mbili kamili asubuhi kuelekea Kigali na kusafiri kwa dakika 55. Itakapotua, saa ya ukutani ya Kigali itaonyesha saa mbili kasoro dakika tano. Kwa saa za mahali, abiria amefika kabla ya kuondoka. Abiria anaweza kulicheka jambo hilo na kurekebisha saa yake ya mkononi, lakini mwongoza ndege hawezi kulicheka. Kazi yake ni kujua ni nani yuko wapi angani na kwa dakika ipi, na ndege mbili zilizoondoka katika nchi mbili zenye saa tofauti zinaweza kukutana juu ya nchi ya tatu.

Kwa sababu hiyo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, limeweka katika kanuni zake kwamba shughuli za anga zifuate UTC, kwa siku ya saa 24 inayoanzia usiku wa manane. Saa za vituo vya kuongozea ndege hutakiwa zisipishane na UTC kwa zaidi ya sekunde 30, na pale ambapo mawasiliano hufanywa kwa njia ya data, zisipishane kwa zaidi ya sekunde moja. Taarifa ya hali ya hewa ya Entebbe ikianza na HUEN 120500Z, maana yake ni tarehe 12, saa 0500 za UTC. Herufi Z ni ya kanda ya sifuri, na katika alfabeti ya marubani Z husomwa "Zulu". Haina uhusiano wowote na Wazulu.

Je, rubani ameiacha saa ya mahali? Hapana. Kuna saa ya tarakimu inayotumika sana katika ndege ndogo, iliyotengenezwa na kampuni ya Davtron. Ni kidude kidogo chenye vitufe viwili, nacho kina kazi nne. Huonyesha UT, yaani wakati wa dunia, kwa hesabu ya saa 24. Huonyesha LT, yaani wakati wa mahali, kwa hesabu ya saa 12. Huonyesha FT, muda ambao ndege imekuwa angani, na ET, muda uliopita tangu rubani alipoanza kuupima. Rubani hubonyeza kitufe na kuhama kutoka moja hadi nyingine, na kila mara alama ndogo kwenye kioo humwambia ni ipi anayoitazama.

Jinsi saa hiyo inavyowekwa ina funzo kubwa kwetu. Ukitaka kuweka wakati wa dunia, unaweka saa na dakika. Ukitaka kuweka wakati wa mahali, unaweka saa peke yake. Dakika huzigusi, kwa kuwa ni zile zile za wakati wa dunia. Fundi aliyeibuni alijua kwamba mahali na dunia hutofautiana katika hesabu ya saa tu, na kwamba tofauti hiyo haibadiliki njiani. Basi hakuona haja ya kutengeneza saa mbili. Alitengeneza saa moja yenye tofauti iliyowekwa wazi.

Na hesabu ya Kiswahili je? Hali ni hiyo hiyo. Saa ya ukutani ikionyesha 7:20, Mswahili husema saa moja na dakika ishirini. Dakika hazikuguswa. Tofauti ni saa sita kamili, mchana na usiku, mwaka mzima. Rubani akipenda kuweka LT ya saa yake isome 1:20 wakati UT inasoma 04:20, saa itamkubalia bila kulalamika, na ataruka juu ya Ziwa Viktoria huku akisoma saa ya Kiswahili mbele ya macho yake.

Zipo nchi ambazo saa hiyo haiwezi kuzihudumia. Uhindi iko mbele ya UTC kwa saa tano na nusu. Iran kwa saa tatu na nusu. Nepal kwa saa tano na dakika 45. Huko dakika za mahali si dakika za dunia. Hata Kenya iliwahi kuwa na mashaka hayo: katika sehemu kubwa ya miaka ya 1930 saa yake rasmi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, na tangu mwanzo wa mwaka 1937 ikawa mbele kwa saa mbili na dakika 45. Waliopanga hivyo walikuwa maofisa wa kikoloni, na saa hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa ya kisasa. Basi tukiulizwa ni hesabu ipi inayomsumbua fundi wa saa, jibu si ile ya Kiswahili.

Saa ya dunia si saa ya London

Nafika sasa kwenye kiini cha hoja yangu. Mpinzani wangu ataniambia: "Umejifunga mwenyewe. Marubani waliona kuwa saa nyingi ni hatari, wakachagua moja. Nasi tufanye hivyo." Hoja hiyo ni nzuri, lakini tuitazame kwa makini. Marubani walichagua ipi?

Hawakuchagua saa ya London. Katika majira ya kiangazi London huisogeza saa yake mbele kwa saa moja, na rubani wa Kiingereza aliyeketi ndani ya ndege kwenye kiwanja cha Heathrow mwezi Julai huona 12:00 kwenye saa ya mkononi mwake na 11:00 kwenye saa ya ndege. Yeye pia hutafsiri. Kweli mkutano wa Washington wa Oktoba 1884, uliohudhuriwa na wajumbe wa nchi 25, ulichagua mstari wa Greenwich kuwa mwanzo wa longitudo. Lakini UTC tunayoitumia leo inatokana na saa za atomi, na si mali ya mji wowote. Hata jina lake halikuachiwa taifa moja. Kwa mpangilio wa Kiingereza kifupi kingekuwa CUT, na kwa mpangilio wa Kifaransa kingekuwa TUC. Wakakubaliana kuandika UTC, ambayo si kifupi sahihi cha lugha yoyote kati ya hizo mbili. Walimu wa nchi zenye Kiingereza na wale wa nchi zenye Kifaransa watalielewa jambo hilo bila maelezo zaidi.

Sasa mtoto wa Kampala anapofundishwa kusema "saa saba" kwa 7:00, amepewa saa ya dunia? Hakupewa. Saa ya dunia wakati huo ni 0400. Hiyo 7:00 ni saa ya mahali, ya Afrika Mashariki, sawasawa na ilivyo "saa moja asubuhi". Zote mbili ni desturi za kuitaja dakika moja katika mahali pamoja. Mwalimu aliyeifuta moja na kuiacha nyingine hakumsogeza mtoto karibu na dunia hata kwa sekunde moja. Alichofanya ni kubadilisha desturi ya lugha anayoifundisha kwa desturi ya lugha nyingine, kisha akaiita ile ya pili "kimataifa".

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatujalitazama. Afrika Mashariki iko mbele ya UTC kwa saa tatu, na hesabu ya Kiswahili iko nyuma ya hesabu ya ukutani kwa saa sita. Toa tatu katika sita, utaona kwamba saa ya Kiswahili iko nyuma ya UTC kwa saa tatu. Wakati wa dunia basi umekaa katikati kabisa: ukitoka kwenye 0400 ukaongeza tatu, unapata 7 ya ukutani, ukapunguza tatu, unapata saa moja ya Kiswahili. Adhuhuri ya Kampala, 12:00, ni 0900 ya rubani na saa sita ya Mswahili. Kwa rubani, safari ya kutoka UTC kwenda kwenye saa ya ukutani na safari ya kwenda kwenye saa ya Kiswahili zina urefu ule ule. Kigali na Bujumbura ni mbili kwenda juu na nne kwenda chini. Anayesema kwamba mojawapo ya safari hizo ni ya usasa na nyingine ni ya ushamba, na atuonyeshe ni wapi katika hesabu hiyo usasa umeingia.

Wengine husema kwamba saa ya ukutani angalau ni ya kisayansi, na ya Kiswahili ni ya kukisia jua. Haya na tutazame jua. Saa ya Afrika Mashariki inafuata mstari wa digrii 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Kampala iko karibu na digrii 32 na nusu. Kwa hiyo jua la Kampala liko nyuma ya saa ya Kampala kwa dakika zinazokaribia 50, na watu wa Uganda huliona likichomoza karibu na saa moja kasorobo. Kigali, iliyo karibu na digrii 30, hukubaliana na jua lake karibu sawasawa. Hakuna saa ya ukutani iliyoshuka kutoka mbinguni. Kila moja ni mapatano ya serikali, na Juba imetuonyesha kwamba mapatano hayo yanaweza kubadilishwa kwa usiku mmoja. Ama hesabu ya Kiswahili, msingi wake ni kwamba karibu na ikweta mchana na usiku hukaribiana urefu mwaka mzima, na kuchomoza kwa jua Kampala hakusogei kwa zaidi ya nusu saa hivi tangu Januari hadi Desemba. London, ambako jua huchomoza kabla ya saa 5:00 ya saa yao mwezi Juni na baada ya saa 8:00 mwezi Desemba, isingeweza kuwa na hesabu kama hiyo. Sisi tunaweza, na ndiyo maana tunayo.

Ushahidi wa jirani zetu

Hatuko peke yetu. Waganda husema "ssaawa emu" kwa saa moja ya Kiswahili, wala hawakungoja mwalimu wa Kiswahili awafundishe. Wanyarwanda nao husema "saa moya" kwa wakati huo huo. Mwanafunzi wa Kampala tunayemwonea huruma kwamba atachanganyikiwa, nyumbani kwake huhesabu hivyo tangu alipojifunza kusema. Tunapomwambia kwamba kwa Kiswahili 7:00 ni "saa saba", tunamchanganya sisi.

Lakini ushahidi ulio mzito kuliko wote uko Ethiopia. Wahabeshi huhesabu saa kama tunavyohesabu sisi: saa moja yao ya asubuhi ni 7:00 ya tiketi. Isitoshe, wana kalenda yao yenye miezi kumi na mitatu. Watu hao hao ndio wenye Ethiopian Airlines, iliyoanzishwa mwishoni mwa 1945, ikaruka safari yake ya kwanza kwenda Cairo mwezi Aprili 1946, na leo ni shirika kubwa la ndege kuliko yote barani Afrika. Rubani wake huagana na mkewe kwa saa ya Kihabeshi, tiketi za abiria wake huandikwa kwa saa ya ukutani ya Addis Ababa, na akiingia katika chumba chake husoma UTC. Hesabu tatu, mtu mmoja, na ndege hutua. Kama kuwa na hesabu ya nyumbani kungekuwa kizuizi cha kuingia ulimwenguni, Addis Ababa isingekuwa na kiwanja cha ndege.

Madhara ya pendekezo hili

Wapo watakaosema kwamba huu ni ubishi wa maneno tu, na kwamba tukikubali majibu yote mawili katika mitihani hakuna atakayeumia. Nitatoa mfano mmoja. Mwanafunzi mmoja alihamia katika darasa langu kutoka shule ambako walikuwa wakifundisha kusoma tarakimu. Bibi yake alifariki upande wa Tanzania, na familia ikampa nauli. Alipiga simu kwa wakala wa basi, akaambiwa kwamba basi litaondoka saa mbili usiku. Alifika kituoni saa nane usiku, yaani 2:00, kama alivyofundishwa. Basi lilikuwa limeondoka saa sita kabla. Maziko hakuyawahi. Wakala hakukosea, na kijana hakukosea. Kila mmoja alisema na kusikia kwa mujibu wa alivyofundishwa. Kosa lilikuwa la somo.

Angalieni kwamba "saa saba asubuhi" hujifichua yenyewe, kwa maana hakuna saa saba ya asubuhi katika Kiswahili, na msikilizaji atauliza. Lakini "saa mbili usiku" na "saa tatu usiku" hazijifichui. Kila moja ina maana mbili zinazowezekana, na kati yake kuna saa sita. Mgonjwa aliyeambiwa anywe dawa saa tatu usiku, mama aliyeambiwa kivuko kinaondoka saa kumi na moja, hao hawatapata nafasi ya kusahihishiwa. Na mwanafunzi wetu atakwenda Mwanza, Mombasa, Zanzibar na Bukavu kusema na watu ambao hawakusoma pendekezo letu. Kiswahili tunachokifundisha si mali ya darasa letu, na mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipokubali kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule, halikusema kwamba tutunge cha kwetu.

Tujifunze nini kwa rubani

Nimekubali kwamba kuchanganyikiwa kupo. Basi dawa ni nini? Rubani amekwisha kuitumia. Hakuifuta saa yoyote kati ya zile anazozihitaji. Aliitia kila moja alama. Nasi tufanye hivi.

Kwanza, neno la wakati wa siku lisiachwe kamwe. "Alfajiri", "asubuhi", "mchana", "alasiri", "jioni" na "usiku" si mapambo ya sentensi. Maneno hayo kwetu ni kama zile herufi LT kwenye kioo cha rubani. Mwanafunzi aliyeandika "saa nne" bila neno hilo hajamaliza kujibu.

Pili, tutenganishe maneno na tarakimu. Magazeti ya Tanzania huandika "saa 2:00 usiku" kwa maana ya 20:00, na wasomaji wake huelewa kwa kuwa desturi yao ni moja. Sisi ambao desturi mbili hukutana darasani kila siku tuwe waangalifu zaidi: hesabu ya Kiswahili iandikwe kwa maneno, na saa ya ukutani iandikwe kwa tarakimu nne, 07:00 au 20:00. Mwanafunzi aone 20:00, aseme "saa mbili usiku". Asikie "saa mbili usiku", aandike 20:00. Hiyo ni tafsiri, na tafsiri ni kazi tuliyoajiriwa kuifundisha.

Tatu, tutenganishe wakati na muda. "Ndege itaondoka saa mbili" na "ndege itasafiri saa mbili" ni sentensi zinazomtega kila mgeni wa lugha. Saa ya rubani haikuzichanganya: UT na LT ni wakati, FT na ET ni muda. Rubani anayezunguka kwa kasi ya kawaida ya digrii 3 kwa sekunde hujua kwamba duara zima litamchukua dakika 2, nazo ni dakika 2 popote alipo na kwa hesabu yoyote. Tumzoeze mwanafunzi kusema "kwa muda wa saa mbili", na nusu ya mashaka yake itaondoka.

Nne, tuzungumze juu ya siku pia, ambayo wengi huiruka. Kwa desturi ya Waswahili siku mpya ilianza jua lilipozama, na ndiyo maana mzee akisema "usiku wa Ijumaa" huenda ana maana ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Kalenda ya serikali huanza siku saa sita usiku. Siku ya rubani aliyeko Entebbe huanza saa tisa usiku, maana ndipo UTC inapofika 0000. Ndege inayoondoka saa nane usiku wa tarehe 13 huandikwa 2300 ya tarehe 12. Mwanafunzi akijua hayo matatu hataona ajabu tena kwamba mzee na kalenda hawakubaliani.

Tano, mambo haya yafundishwe tangu somo la kwanza la saa. Yasiachwe mwisho wa kitabu kama kioja. Chora duara mbili ubaoni, ya ukutani na ya Kiswahili, na kati yake weka ya tatu, ya UTC. Darasa la Kampala lihesabu tatu kwenda kila upande. Darasa la Kigali lihesabu mbili na nne. Wanafunzi wapewe ratiba ya ndege waigeuze yote kwa Kiswahili fasaha. Nimelifanya zoezi hilo kwa miaka kadhaa na watoto hulipenda kuliko methali.

Katika kusahihisha mitihani, naomba tuwe na msimamo mmoja: anayeandika "saa saba asubuhi" kwa 07:00 asipewe alama, na aandikiwe sababu. Kumwonea huruma kwa alama moja leo ni kumwacha kituoni usiku kesho.

Walimu wenzangu, hakuna aliyetuomba kuchagua kati ya Kiswahili na dunia. Kazi tuliyopewa ni kumfundisha mtu aingie duniani akiwa na lugha hiyo, bila kuipunguza njiani ili mizigo iwe myepesi. Wenye rai tofauti wanayo haki ya kuijibu hoja hii, na nitafurahi kusoma majibu yao katika kurasa hizi. Naomba jambo moja tu: atakayedai kwamba "saa saba" ndiyo saa ya ulimwengu, kwanza atueleze ni kwa nini rubani aliyepita juu ya kichwa chake asubuhi hiyo alikuwa ameandika 0400.